Fataki za Shemeji Lyle

Septemba 14

Mwanangu Noreen, salamu kwanza, mengine yatafuata. Hujambo wewe, hajambo mumeo Curtis, na huyo Junie wenu ambaye sijambeba hata mara moja naye hajambo, natumaini, na meno yameshaota. Huku hatujambo. Baba yako hajambo, jicho lake moja linaona vizuri na ulimi wake unaona zaidi. Ndugu yako Wade hajambo, amerudi nyumbani tangu kiwanda cha mbao kifungwe, analala chumbani kwako, utanisamehe, kingine kinavuja. Bibi Inga hajambo, meno mapya yamemkataa, anakusalimu sana, kisha ananiuliza Noreen ni yupi. Baba yako mkubwa Lyle hajambo, huyo tangu azaliwe hajawahi kuwa na jambo, majambo huwa ni ya wenzake. Mbwa hajambo. Kuku wamepungua, mbweha ndiye hajambo zaidi yetu sote. Na mimi mama yako ni mzima, magoti tu.

Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Simu yetu iko jikoni na baba yako yuko jikoni. Kwa hiyo nimeamua nikuandikie kila siku ninayopata nafasi, mpaka msimu wa kuwinda uishe, kisha nikutumie zote pamoja. Usinicheke mwandiko. Shule niliiacha darasa la nane nikaenda kukamua ng'ombe wa watu, unajua.

Septemba 19

Fataki za kujazia risasi zetu hakuna. Wade ameendesha pikapu mpaka mjini na miji mingine miwili mbele yake. Anasema rafu zimefagiliwa, hata kibao cha bei wameng'oa. Baruti ipo, maganda yapo, vichwa vya risasi vipo kopo zima. Kile kidude kidogo cha kuwasha baruti ndicho hakuna. Nimemwambia ni kama kuwa na kuni na jiko bila kiberiti. Akasema, "Asante mama, nilikuwa sijaelewa." Siku hizi ananijibu hivyo.

Friza iko tupu mpaka chini, nimeona rangi yake ya ndani. Bila kulungu mwaka huu tutakula maharage mpaka theluji iyeyuke.

Septemba 23

Moshi wa misitu inayoungua. Nimeanua nguo zikanuka kama soseji.

Septemba 26, Jumapili

Lyle kaja baada ya kanisa. Kanisani hakwenda, ila alikuja baada yake, maana ndiyo saa ya pai. Akaweka kiboksi katikati ya sahani kama mtu aliyeleta posa.

"Nani kasema fataki hakuna? Shemeji, nikatie kipande cha mtu mzima."

Wade alikinyakua, akasoma ubavuni, uso ukamshuka. "Baba Mkubwa, hizi si zetu. Hizi ni za moto mkali. Ni za yale maganda makubwa."

"Zinaingia kwenye tundu lile lile, haziingii?"

"Zinaingia."

"Basi. Kuku aliyeenea kwenye sufuria haulizwi kabila."

Mimi nikasema, "Lyle, na zile za kawaida? Majira ya kuchipua ulinunua katoni, Wade ndiye aliyekubebea."

"Zile ni akiba, shemeji. Siku mbaya zinakuja."

"Nilidhani zimeshafika."

Bibi Inga alicheka mpaka meno yakatoka. Baba yako hakucheka. Alikishika kile kiboksi, akakisogeza karibu na jicho, akakitazama muda mrefu kama vile kimeandikwa Kirusi. Kisha akakirudisha. "Asante, kaka," akasema. Basi. 

Oktoba 3

Leo nimegombana na ndugu yako, nakuandikia ili nisiendelee kugombana naye kichwani.

Alikuwa kwenye kibaraza cha nyuma, kwenye ile meza yenu, anajaza risasi. Mimi nilikuwa na beseni la viazi. Nikamuuliza tu, "Wade, umeshusha kipimo?"

"Kipimo gani?"

"Cha baruti. Fataki zimebadilika."

Akanionyesha kwa kidole ile namba aliyoichonga Babu Halvor kwa kisu kwenye ubao wa meza. "Kipimo ni hiki hapa, mama. Kimeangusha kulungu tangu baba hajaota ndevu."

"Kimeangusha kwa fataki za zamani. Mimi nilikuwa nakaa hapa hapa baba yako alipokuwa akimfundisha dada yako. Ukibadilisha kitu, hata kimoja, unarudi chini na kuanza upya. Unapanda ngazi moja moja, na kila ukipiga unatazama mgongo wa fataki. Ukiona umelala bapa, unateremka."

"Na ukipanda kila ngazi unapiga risasi ngapi? Nitafika juu kiboksi kimekwisha. Tutakula ngazi, mama? Utaikaanga kwa vitunguu?"

Nilicheka, ndiyo. Anachekesha kama baba yake alivyokuwa. Lakini nikasema, "Babu Halvor alichonga namba kwa fataki alizokuwa nazo. Hakuchonga amri kumi."

"Menya viazi, mama."

Nikamenya viazi. Noreen, unanijua, mimi naogopa kila kitu. Niliogopa baiskeli zenu, niliogopa mto, niliogopa umeme wa radi mpaka mkanibandika jina. Nimepiga kelele za mbwa mwitu asiyekuwepo mara nyingi mno, sasa hata nikimwona kwa macho yangu hakuna anayegeuza shingo. Lakini hii si hofu yangu. Haya ni maneno ya baba yako mwenyewe. Mimi sijui kwa nini iko hivyo, najua tu kwamba ndivyo ilivyo.

Oktoba 4

Nimemfuata baba yako kwenye kuni. Nikamwambia yote. Alisimama na shoka, akapasua kipande, akapasua kingine.

"Mwache," akasema. "Kazi ni yake sasa."

"Jicho ni lako."

"Ni langu, ndiyo."

"Orrin, una moja tu. Lile jingine lilikwenda na kipande cha chuma msituni, na hili lililobaki ndilo linalokaa nyuma ya komeo la bunduki. Ikitokea kitu kimerudi nyuma, kinarudi hapo."

"Ardis, kuni zinalowa."

Nilirudi ndani nimekasirika hata nikaweka chumvi mara mbili. Mtu aliyekuwa akipima punje ya baruti kama dhahabu, leo anasema mwache. Kwako hakujua neno mwache. Laiti angelijaribu neno hilo kwako.

Oktoba 12

Baridi imeingia ghafla, hewa inagandisha pua. Wade na Lyle walikwenda alfajiri kwenye shimo la kokoto kuzijaribu. Nilikaa dirishani na soksi ya baba yako mkononi, sindano haikuingia hata mara moja.

Walirudi wanacheka toka getini. Wade alinibeba juu, mimi na magoti yangu. "Mama! Komeo limeinuka kama kifuniko cha sufuria. Zinalenga vizuri kuliko zile za zamani!"

"Kipimo kile kile?"

"Cha Babu, punje kwa punje."

Lyle akavuta kiti. "Shemeji alitaka tuwinde kwa unga wa ngano. Kulungu angepiga chafya tu."

Nikacheka nao, Noreen. Nilitaka niwe nimekosea, na nimekosea, Mungu ashukuriwe. Baba yako alimuuliza Wade swali moja: "Kulikuwa na baridi kiasi gani?" Wade akasema, "Ya kufa mtu." Baba yako akatikisa kichwa polepole, akamwomba Bibi ampitishie siagi.

Oktoba 15

Wade anapiga mluzi. Tangu kiwanda kifungwe sijamsikia. Amepanga risasi kwenye kiboksi, ameandika kwa kalamu nene: ZA BABA. Nimepita mara tatu kuzitazama. Zinang'aa kweli.

Oktoba 22

Kesho msimu unafunguliwa. Nimemtolea baba yako miwani ya karakana, ile ya plastiki, nikamwambia aivae. Akasema inashika ukungu. Nikasema afadhali ukungu. Akaivaa mezani akala nayo supu ili kunifurahisha, mpaka Bibi Inga akauliza huyu fundi bomba analipwa na nani.

Oktoba 23

Tumepata nyama! Jike kubwa, mapema asubuhi, risasi moja. Walimshusha juu ya theluji kwa kamba, wanne kwa pamoja na wale vijana wa jirani. Lyle alimpiga Wade mgongoni mbele ya watu wote, akasema, "Huyu ndiye mjazaji wa ukoo sasa. Wengine wote walikuwa wanatwanga pilipili." Najua alimkusudia nani, na wewe unajua. Nilitaka kummwagia chai.

Wade alikuwa mwekundu mpaka masikioni kwa furaha. Baba yako akasema, "Risasi nzuri, mwanangu." Mbele ya watu. Sijui kama nimewahi kumsikia akisema hivyo mbele ya watu.

Alikula kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza. Akasema ameteleza kwenye jiwe.

Oktoba 25

Kiganja cha kulia cha baba yako kina alama ya bluu katikati, ya mviringo, kama ya mtu aliyepigilia msumari kwa kiganja kitupu. Mtu akiteleza hashiki jiwe kwa katikati ya kiganja.

Nikafua suruali yake, mfukoni nikakuta ganda la ile risasi. Nikalipeleka mwangani. Mgongo wa fataki umelala bapa kabisa, kingo hakuna, na pembeni kuna duara jeusi kama la sufuria iliyomwagika. Nimeona maganda ya nyumba hii miaka yote, nayachukua mifukoni kabla ya kufua. Hili si kama yale.

Nikamwonyesha Wade. Alilishika kidogo tu. "Mama, ganda limejazwa mara nyingi, limechoka."

"Na wewe umechoka? Litazame."

"Tumepiga, limeua, tumekula maini yake jana! Unataka nini tena? Unataka nirudi niwe yule anayekaa kitandani?"

Nikalichukua ganda nikatoka.

Nikampelekea baba yako. Alilichukua mkononi mwangu, akalitia mfukoni, yaani mfuko wa shati alilovaa, wala si wa kufuliwa. "Usimwonyeshe tena," akasema.

"Kwa hiyo umeona."

"Nimeona ganda."

Noreen, nimeolewa na mtu huyu tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na kuna siku namtazama kama mtu niliyekutana naye kwenye foleni.

Oktoba 30

Tumekata na kufunga nyama mpaka mikono ikafa ganzi. Nimekuwekea ya mgongo. Ipo chini kabisa, nimeandika N.

Novemba 4

Baridi. Bibi Inga ameniita kwa jina la dada yake marehemu, nikaitika.

Novemba 9

Theluji. Wade amekwenda kuomba kazi ya kusafisha barabara, wamemwambia arudi mwakani. Amerudi akaenda moja kwa moja mezani kujaza.  Nimempelekea kahawa, akaniambia asante bila ile sauti. Anapopima baruti kwenye mizani anabana ulimi kwenye kona ya mdomo kama alipokuwa mdogo. Namwogopa na namhurumia kwa pamoja, na sijui kipi kianze.

Novemba 14

Nilikuwa nimeamua kumwambia mchungaji. Nikamtazama wakati wa wimbo, nikakumbuka yeye pia anawinda na Lyle, nikaacha.

Novemba 20

Lyle tena. Amemchokoza baba yako kwa sababu alipiga jike. "Nyama ya jike ni laini, inafaa wasio na meno. Mama, si ndivyo?" Bibi Inga akamwambia, "Meno yangu yapo mfukoni, njoo nikuume." Lakini Lyle akaendelea: bado siku chache msimu ufungwe, kibali cha dume baba yako bado anacho, na yeye Lyle aliona alama za dume lenye pembe kama mti juu ya korongo. Waende Jumatano wote watatu, kesho yake, Sikukuu ya Shukrani, watakuwa na hadithi ya kula na bata mzinga.

Baada ya Lyle kuondoka nikamwambia baba yako, "Usiende. Nyama tunayo."

"Nikibaki nyumbani atajua kwa nini."

Nadhani anamsema Lyle. Nadhani anaona aibu ya uzee. Nikamwambia mwache Lyle ajue anachotaka. Akanitazama kama mtu anayetaka kusema kitu kwa lugha asiyoijua.

Novemba 23

Ule upepo wa joto umeshuka mlimani. Tangu jana unakula theluji, paa linatiririka, kuku wamechanganyikiwa wanafikiri ni Mei. Nimefungua madirisha. Wade anasema kesho watawinda na mashati.

Novemba 26, hospitalini

Nimeomba karatasi kwa nesi. Nakuandikia yote kama nilivyoambiwa na nilivyoona.

Jumatano asubuhi niliwaandalia mayai. Mkanda wa risasi wa baba yako nilikuwa nimeuning'iniza karibu na jiko la kuni, kama ninavyofanya kila msimu, kwa sababu vidole vyake vilivyoumia zamani msituni huuma akishika shaba baridi. Ameenda na risasi zenye joto la jiko mwilini mwake, chini ya koti, siku ambayo hata nje hapakuwa na baridi.

Dume lilitokea kabla ya mchana. Wade anasema baba yake alikuwa ameivaa ile miwani mpaka dakika ile, ikashika ukungu kwa jasho la kupanda, akaisukuma kwenye paji la uso. Alipiga. Wade anasema mlio haukuwa mlio wake. Baba yako alikaa chini taratibu kama mtu anayetaka kuvua viatu, bunduki magotini, akaweka kiganja usoni, akasema, "Wade, zima hiyo." Zima nini, hakuna aliyejua. Moshi na vipande vya fataki vilikuwa vimepita nyuma kupitia komeo, vikaenda palepale nilipomwambia vitakwenda.

Ndugu yako alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari. Lyle alibeba bunduki.

Mzee Gust fundi bunduki alikuja hospitalini jana jioni, akiwa na kofia mkononi. Alikuwa amelipiga komeo kwa nyundo ya mpira mpaka likafunguka. Fataki ilikuwa imetoboka katikati. Nilimuuliza aniambie kwa maneno ya mtu wa darasa la nane. Akasema, "Mama Ardis, fataki ya moto mkali, kipimo kilichokuwa juu tangu mwanzo, bunduki ya zamani isiyo na mahali pa kutolea moshi, na risasi iliyolala jikoni siku ya joto. Kila moja peke yake bunduki ingevumilia. Walimjia wote kwa pamoja." Nikamuuliza na ile siku ya majaribio? "Siku ile baridi iliwafichia," akasema.

Kwa hiyo mkono wangu pia umo. Nimeuosha mara nyingi tangu jana.

Na sasa sikia hili. Tumekaa ukumbini, mimi, Wade na Lyle. Wade ana damu ya baba yake kwenye kola, hataki kubadilisha. Anakuja jirani mmoja aliyetuletea blanketi, anauliza imekuwaje. Lyle anasema, kwa sauti ya mtu msibani, "Nilimwambia kijana apime upya. Vijana hawasikii."

Nikasema, "Lyle."

"Nini, shemeji? Mimi nilileta fataki tu. Sikushika mizani."

"Unga wa ngano, Lyle. Ulisema kulungu atapiga chafya. Umekalia kiti changu, umekula pai yangu, ukasema hivyo."

"Ilikuwa utani."

 Wade alitazama viatu vyake. Ningependa angempiga, Mungu anisamehe.

Novemba 27

Daktari ni mwanamke kijana, mpole, anasema polepole. Anasema tungoje.

Leo baba yako ameomba nifunge mlango. Uso wote umefungwa bandeji, kimebaki kinywa. Akauliza, "Wade yuko wapi?" Nikamwambia amekwenda kuwalisha kuku. Ndipo akazungumza. Nakuandikia kama alivyosema, bila kuongeza.

"Ardis, nilijua siku ile ya kwanza. Yule jike. Nilipiga, komeo likakwama. Nililipiga kwa kiganja mara tatu ndipo likainuka. Nilijua ni nini kabla sijaona ganda."

"Na hukusema."

"Lyle alikuwa amesimama hapo. Na wale vijana wa jirani. Na Wade alikuwa anakuja anakimbia kwenye theluji, umri wote ule, anakimbia kama mtoto. Ningesema nini? Wewe unakumbuka nilivyosema mara ile nyingine."

Nakumbuka, na wewe pia. Karamu ya kuzaliwa ya Lyle, watu wamejaa kibarazani, na baba yako akachukua risasi zako zote ulizojaza wiki nzima, akazivunja moja moja kwa koleo mbele yao, akimwaga baruti yako kwenye sahani ya keki, kwa sababu punje ilizidi. Lyle akicheka. Punje ilizidi kweli. Wewe ukavaa koti ukaondoka, na Krismasi mbili zimepita.

"Nilikuwa sahihi mara ile," baba yako akasema, "na nikakosa binti. Nikasema hii nyingine nitanyamaza. Nitamwambia tukiwa wawili tu, msimu ukiisha, nimwonyeshe ganda, tushushe kipimo pamoja. Nilidhani jicho litavumilia risasi moja au mbili zaidi."

Kumbe aliposema 'atajua kwa nini' alimsema Wade. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga kwa mto. Nikamwambia, "Orrin, katikati ya kumvunja mtu na kunyamaza kuna maneno mengi. Watu wengine wanayatumia kila siku."

Akasema, "Mimi sikufundishwa hayo."

Kisha akaniapisha. Nisimwambie Wade kamwe kwamba alijua. "Akijua nilijua nikaipiga risasi yake hata hivyo, ataona nilimfanyia kama mtoto asiyeweza kuambiwa ukweli. Afadhali aone ni bahati mbaya." Niliapa. Ningefanyaje, mtu amefungwa macho ananitafuta mkono.

Novemba 29

Wamefungua bandeji. Anajua dirisha liko upande gani. Basi, ni hilo tu. Daktari anasema hatutegemei zaidi.

Alikuwa mtulivu. Aliniuliza nimevaa nguo gani. Nikamwambia ile ya kijani, kumbe nilikuwa nimevaa ya bluu, sijui kwa nini nilisema uongo.

Wade alikuwa mlangoni. Alisikia yote aliyosema daktari. Nilipogeuka hakuwepo.

Desemba 2, nyumbani

Noreen, Wade ameondoka. Simu ameiacha juu ya mto wako. Pikapu ameiacha. Amechukua koti na viatu vya kazi. Yule binti wa kituo cha mafuta anasema alimwona akipanda lori linaloelekea magharibi. Polisi anasema ni mtu mzima, ana haki ya kwenda anakotaka. Najua ni mtu mzima. Nilikuwepo.

Baba yako amekaa karibu na jiko, kila mlango ukilia anasema, "Wade?" Ni upepo, au ni Bibi Inga. Bibi anamjibu, "Si Wade, ni mama yako," na yeye anasema, "Ndiyo, mama."

Lyle alikuja jana. Safari hii alileta zile fataki za kawaida, za akiba, katoni nzima, akaziweka mezani. Akasema, "Pole, shemeji, labda hizi..." Hakumaliza. Nilizitoa nikaziweka ngazini kwenye matope, nikafunga mlango, yeye akiwa nje pamoja nazo. Pai ilikuwepo. Alinusa.

Sasa nisikilize. Magharibi Wade hana mtu ila wewe. Hajui barabara nyingine. Alikuwa anakuona wewe ndiye uliyejua kuondoka, na mara moja aliniambia kwamba angekuwa na moyo kama wako asingerudi nyumbani hapa. Akifika kwako atasimama nje muda mrefu kabla ya kubisha, kwa hiyo tazama nje. Mpe chakula kabla ya maneno. Usimuulize.

Akishakula, mwambie hivi. Mwambie baba yake alijua tangu risasi ya kwanza. Mwambie alinyamaza kwa sababu yako, maana alikuvunja wewe mbele ya watu na hakutaka kumvunja yeye. Lilikuwa kosa lake na alilichagua akiwa na akili timamu, Wade hakumpofusha peke yake. Mimi nimeapa nisimwambie Wade. Sikuapa nisikuandikie wewe. Baba yako akikasirika atakasirika gizani, mimi nitakuwa nimekaa karibu.

Na wewe pia umelisikia sasa. Lifanye utakavyo.

Kurasa hizi nazituma leo zote, mwenye posta anakuja saa nane. Msalimu Curtis, mbusu Junie. Nijibu upesi, mwanangu, usingoje upate maneno mazuri. Piga hiyo simu ya jikoni, baba yako akipokea usikate, sema neno moja tu, kama Wade yupo au hayupo. Hata kama hayupo, piga.

Mama yako,
Ardis